Pikapu Isiyotaka Kutulia

Ikiwa mwendoni, pikapu ile haikuwa na neno. Ilipanda mlima, ilibeba miche mpaka matawi yakaning'inia nje, ilivuka madimbwi bila kunung'unika. Ugomvi ulianza pale ulipoiambia isimame. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, injini ilipandisha sauti yenyewe kama mtu aliyekanyagwa kidole, kisha ikashuka, ikashuka zaidi, ikakohoa, ikapanda tena. Ukiiacha iendelee na vituko vyake, mwisho ilijitikisa mwili mzima kama mbwa aliyetoka majini, ikazima.

Mafundi wana jina lao la mngurumo wa gari lililosimama likisubiri. Wanauita sailensi. Sailensi ya pikapu ile ilikuwa imeingiwa na wazimu, na mchana wa siku hiyo hiyo Mama Miche alikuwa anakwenda kufanya mtihani wa udereva.

Asubuhi alikuwa ameketi nyuma ya usukani katikati ya kitalu chake, mto umewekwa chini yake ili macho yapate kuvuka dashibodi. Kushoto na kulia viriba vyeusi vya miche vilipangwa safu kwa safu, michungwa, mipera, miparachichi, yote imeshamwagiliwa maji ya asubuhi. Aliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, kama mtu anayeondoka kitandani kwa mtoto aliyesinzia. Injini ikapanda. Ikashuka. Ikazima.

"Haya," aliiambia. "Na mimi nilikuogesha bure."

Mumewe ndiye aliyekuwa dereva. Kila mwaka alimwambia mkewe, "Kesho nitakufundisha," na kesho yake ilikuwa na miguu mirefu kuliko yeye. Alimruhusu kubadilisha gia tu, yeye akikanyaga klachi na mkewe akisukuma mti wa gia kutoka kiti cha pembeni, na hivyo walikwenda sokoni na kurudi kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Halafu ugonjwa wa kifua ukamchukua katika muda mfupi, na mti wa gia ukabaki bila mguu wa klachi.

Baada ya mazishi familia ilikaa kikao. Madereva wa kuajiri walijaribiwa: wa kwanza alivunja kioo, wa pili alivunja ahadi. Ndipo wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, aliposema lililokuwa kooni mwa wengi: gari lisilo na dereva ni banda la kuku. Liuzwe. Yeye mwenyewe alikuwa na mnunuzi mkononi. Mama Miche, ambaye katika vikao vya ukweni hakuwa na kawaida ya kupaza sauti, alisema, "Dereva yupo." Wakamwuliza ni nani. Akajigusa kifua kwa kidole.

Walicheka, lakini walikubali. Akipata leseni, pikapu inabaki. Akikosa, mnunuzi aitwe. Na kitalu bila pikapu ni duka bila mlango, kila mtu pale alilijua hilo, ingawa hakuna aliyelisema.

Alijifunza kwenye uwanja ulio nyuma ya kitalu. Kuendesha alikuwa anajua sasa. Tatizo ni kwamba kwenye mtihani dereva husimamishwa mara kwa mara, kwenye makutano, kwenye kivuko, katikati ya mlima, na gari likizimika ovyo ovyo hawaulizi kosa ni la nani.

"Hodi kwa mwanafunzi!"

Ilikuwa sauti ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio. Jina hilo alilipata kwa ajili ya kipande cha mpira wa maji alichotembea nacho. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine aliigusisha kwenye injini, akafumba macho, na hapo ilikuwa mwiko kumsemesha.

"Karibu, shemeji. Umeamkaje?"

"Mimi nimeamka. Gari je, limeamka?"

"Limeamka likarudi kulala."

Sikio alitua sanduku lake la spana, akapandisha boneti, akamwambia shemeji yake awashe tena. Wiki nzima alikuwa akifika kitaluni kabla ya kufungua gereji yake. Alibadilisha plagi. Alifungua kabureta, akaiosha kwa petroli mpaka ikang'aa kama kijiko cha wageni. Alibadilisha waya. Mwisho, kwa kukata tamaa, alichukua bisibisi akakaza skurubu ya sailensi ili injini ingurume kwa nguvu zaidi isipate nafasi ya kuzima. Kila dawa ilifanya kazi mpaka yeye alipofika kona, basi.

"Humu mna mdudu," alisema sasa, mpira sikioni.

"Juzi ulisema mdudu yuko kwenye plagi. Jana alikuwa kwenye kabureta. Leo yuko wapi? Huyo mdudu ana miguu mingapi, shemeji?"

"Usimcheke mganga mgonjwa hajapona."

"Simcheki mganga. Namcheka mdudu."

Wakati huo wifi alikuwa akiingia, mkono mmoja umeshika chupa ya chai, mwingine umeinua pindo la gauni lisiguse matope. Alikuwa amevaa viatu vya kisigino na kilemba kilichosimama kama jogoo.

"Wifi yangu, mbona umependeza hivyo?" Mama Miche alimwuliza. "Mtihani ni wangu."

"Nikija kukuliwaza, nikuliwaze nimevaa matambara?"

"Nimeshafeli tayari?"

"Sijasema umefeli. Nimesema nimevaa." Akageuza ndoo tupu, akaipangusa, akaikalia. Aliitazama pikapu kwa muda, halafu akamimina chai. "Mimi sina chuki na gari, wifi. Nakwambia ukweli. Nikiliona linakata kona pale barabarani, mkono wangu unapanda wenyewe nimpungie kaka. Kisha nakumbuka. Kila mara. Sasa moyo gani utavumilia hayo?"

Mama Miche mwenyewe, usiku wa kwanza baada ya mazishi, aliweka sahani mbili. Alipokea kikombe cha chai akanywa.

Sikio alitoa mpira sikioni. Alikuwa ameshika tama, na uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Shemeji, hebu tuanze mwanzo kama hospitali. Hili gari kaka aliliacha likiwa zima. Nililisikia mwenyewe. Sasa injini si mtu, haiamki siku moja ikasema leo nakosa adabu. Lazima kuna aliyeigusa. Nani aliigusa?"

"Hakuna."

"Yule dereva wa kwanza?"

"Yule alikuwa anaogopa hata kufungua tangi la mafuta."

"Na wewe?"

"Mimi niguse injini? Shemeji, mimi namjua mpera na mchungwa. Injini sijawahi kuigusa hata kwa kidole."

"Hata nati moja? Hata waya?"

"Naapa. Boneti yenyewe niliifungua siku ile moja tu, nilipokuwa naosha."

Sikio akageuka polepole. "Unaosha nini?"

"Si injini?"

"Uliosha injini?"

"Niliosha. Kuosha si kugusa."

Wifi alitikisa kichwa kuunga mkono. "Ni kweli. Kuosha si kugusa."

Na wote wawili walimaanisha walichosema. Ndivyo walivyokuwa wanawake wa familia ile: wengine wakifiwa hulia, wao walilia na kufua. Wifi aliosha mapazia ya nyumba nzima, hata ya jirani aliyekuwa amesafiri. Mama Miche aliosha mashati ya mumewe, kofia, viatu, mkanda, nyembe, majembe yote mpaka yale yasiyokuwa na mipini. Vilipokwisha vyote, na mikono bado ikatafuta cha kufanya, alitoka na beseni, sabuni na mswaki wa zamani, akafungua boneti ya pikapu. Aliisugua injini kila pembe, kila mkunjo, kama anavyosuguliwa mtoto anayekwenda kupigwa picha. Alipomaliza alilia kidogo, akayamwaga yale maji meusi kwenye mtaro, akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu msiba.

"Sawa," Sikio alisema kwa upole wa kutisha. "Na katika huko kuosha kusikokuwa kugusa, ulitoa kitu chochote?"

"Takataka tu. Majani makavu. Matambara ya kiota cha panya. Na kipande cha ndala."

"Kipande cha ndala?"

"Kilikuwa kimechomekwa kwenye kidomo fulani hivi, kimefungwa uzi juu. Nikasema, jamani, mume wangu alivyokuwa msafi, nani huyu amemwekea ndala kwenye injini? Nikakichomoa, nikakitupa na takataka."

Sikio alikaa chini. Hakutafuta ndoo wala jiwe, alikaa palepale kwenye udongo wenye maji, mikono magotini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Miche alidhani shemeji yake analia, akaweka kikombe chini amwendee, kumbe mtu anacheka mpaka sauti imekwama.

"Wiki nzima!" alisema alipopata pumzi. "Wiki nzima natafuta ugonjwa, kumbe mtu amechomoa dawa!"

Aliwaeleza akiwa bado chini, akichora kwenye tope kwa kijiti. Injini inavuta pumzi, na pumzi yake inapimwa na kabureta, hewa kiasi hiki kwa mafuta kiasi hiki. Palikuwa na kidomo kilichokuwa kikienda kwenye kifaa fulani kilichokufa zamani kikang'olewa. Kidomo kikibaki wazi, injini inavuta hewa isiyokaribishwa. Ukikimbia huoni, maana pumzi ni nyingi. Ukisimama, ile pumzi ndogo inavurugika.

"Ni kama kunywa uji kwa mrija wenye tundu," wifi alisema.

"Dada, ungekuwa fundi wewe."

"Nisingechafuka hivyo, lakini."

Shangwe haikudumu. Sikio aliinuka, akainamia injini, akamwita Mama Miche amwonyeshe kidomo. Mama Miche akachungulia. Kulikuwa na vidomo na mipira mingi kama chuchu za paka, mingine imejificha nyuma ya chuma, mingine inapita chini ya mingine, na kwa kuwa yeye aliisugua yote kwa mapenzi yaleyale, yote ilifanana.

"Kiko hapa nyuma. Au kile. Shemeji, nilikuwa nalia, sikuwa nahesabu."

Sikio alijaribu kupitisha vidole, akaunguza kimoja, akapiga kelele. Alijaribu mpira wake wa sikioni, lakini injini ilipowashwa, kwa kule kupanda na kushuka, kila mahali palisikika kama upepo. Jua lilikuwa linapanda nalo. Mama Miche alisimama mikono kiunoni. Alifikiri jinsi anavyofanya yeye bomba la kitalu linapovuja na hajui wapi. Huwa anatazama maji yanakokwenda. Hapa kinachovuja ni hewa, na haitoki nje, inaingia.

"Shemeji, hilo tundu linavuta, siyo?"

"Linavuta kama mlevi."

"Basi nikilimwagia maji kidogo, si litayanywa?"

Sikio alimtazama, kisha akatazama kopo la kumwagilia lililokuwa karibu na miche michanga, lile lenye mdomo mrefu mwembamba. Akamwambia kwa heshima ambayo hakuwahi kuitumia kabla, "Lete hilo kopo, mwalimu."

Lakini mtu wa tatu alihitajika. Injini haikuweza kuachwa peke yake, ingezima kabla maji hayajafika. Wote wawili wakamgeukia wifi.

"Mimi?" alisema. "Na gauni hili?"

"Kaa tu kwenye kiti, dada. Ukisikia inashuka sana, gusa mafuta. Gusa! Usikanyage."

Wifi aliingia garini kwa ubavu, kilemba kikagonga dari. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti kile, kiti cha kaka yake, na mikono yake ikashika usukani kama mtu anayeshika mabega ya mwenzake. Sikio akapitisha mkono dirishani akawasha, injini ikashuka, na yeye, kwa hofu, akaweka mguu wote. Pikapu ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ua.

"Gusa, dada! Gusa!"

"Nimegusa!"

"Hiyo ni kugusa? Na kukanyaga kwako kukoje?"

Mama Miche alikuwa akicheka huku akidondosha maji tone kwa tone, kama anavyomwagilia mbegu iliyochipua jana. Kwenye mpira wa kwanza maji yalitiririka yakageuka mvuke. Kwenye wa pili vilevile. Alisogeza mdomo wa kopo chini ya kabureta, upande wa nyuma, mahali ambapo mkono haukufika lakini mdomo wa kopo ulifika. Tone likaanguka. Halikutiririka. Likatoweka kwa sauti ndogo ya kufyonza, na injini, iliyokuwa ikipanda na kushuka tangu asubuhi, ikatulia kwa muda wa pumzi moja kabla ya kukohoa.

"Rudia!"

Akarudia. Ikatulia tena, ikakohoa tena.

"Tumekushika!" Sikio alipiga kelele, akaanza kucheza pale pale na bisibisi mkononi, na wifi, aliyekuwa hajui nini kimeshikwa, akapiga honi kwa furaha.

Ikabaki kuziba. Sikio alipekua sanduku lake akakosa mpira wa kipimo kile. Kwenda dukani na kurudi kungekula muda wote uliobaki. Mama Miche alikwisha kutoa mfukoni kisu chake cha kuunganishia miche, kile kikali anachochongea kijiti cha mti mmoja ili kiingie kwenye shina la mwingine. Macho yake yalishuka mpaka miguuni kwa fundi.

"Shemeji, vua ndala."

"Ndala yangu?"

"Kisigino tu. Vidole utabaki navyo."

"Dada, unamsikia mke wa kaka yako?"

"Vua, wewe. Ina mwaka gani hiyo ndala, hata haya huoni."

Akavua. Mama Miche alikata kipande, akakichonga, mwisho mmoja mwembamba kama kabari, mwingine mnene, hivyo hivyo anavyochonga kila siku. Sikio alizima injini, akaingiza mkono uliofungwa tambara, akakichomeka. Kisha Mama Miche akapitisha utepe wake wa nailoni, ule wa kufungia miche, akauvuta, akauzungusha, akaukaza. Vidole vyake vilifanya kazi bila macho. Na wakati vinafanya, vilikuta kitu: mfereji mdogo kwenye shingo ya kile kidomo, umelika kwa uzi uliokazwa hapo miaka mingi.

Alivuta mkono polepole. Mumewe hakuwahi kumwambia mtu kuhusu ndala ile. Ndivyo alivyokuwa. Paa lilipovuja uliona tu siku moja halivuji. Watoto walipogombana, uliwaona tu siku moja wanakula sahani moja, na ukimwuliza alifanyaje, anakwambia, "Walichoka wenyewe." Maisha yao yote alikuwa akiziba mambo kimya kimya, na yeye Mama Miche akaamini kwamba mambo hayana matundu.

"Washa, shemeji," Sikio alisema.

Mama Miche akapitisha mkono dirishani, akawasha. Injini ilinguruma kwa hasira, juu kabisa, maana ile skurubu ilikuwa bado imekazwa vilevile. Sikio akaingiza bisibisi, akalegeza. Sauti ikashuka. Akalegeza tena. Ikashuka, ikashuka, na Mama Miche akashika mlango akisubiri kikohozi.

Hakikuja. Pikapu ilibaki ikinong'ona, sauti moja, haipandi wala haishuki.

"Imezima?" wifi aliuliza kutoka ndani.

"Haijazima, dada. Sikiliza."

Walisikiliza. Ndiyo sauti iliyokuwa ikisubiri nje kila alfajiri wakati Mama Miche anatafuta kitambaa chake cha kichwa, naye mumewe akisema kutoka garini kwamba miche itazeeka. Wifi alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa alikuwa na machozi na anacheka, na wanja umeshuka mpaka mashavuni.

"Na kaka alivyo mwongo!" Sikio aliwaka ghafla. "Unajua aliniambia nini? Aliniambia, mdogo wangu, tangu uishike wewe hii gari, imetulia kama maji mtungini. Nikatembea mtaa mzima kifua mbele. Kumbe ni ndala!"

"Alikupenda," Mama Miche alimwambia.

"Alinidanganya."

"Ndiyo hivyo hivyo."

Wakaondoka wote kwenda kwenye uwanja wa mtihani, Sikio akiwa kwenye usukani na ndala moja nzima na nyingine nusu.

Mtahini alikuwa mwanamume mtulivu, kijana wa umri wa watoto wa Mama Miche, mwenye kalamu sikioni na uso wa mtu ambaye ameshagongeshwa mara kadhaa. Aliizunguka pikapu, akapiga tairi teke dogo, akapanda.

"Mama, tukiwa tayari twende."

Mama Miche alipiga moyo konde. Alitazama vioo, akaingiza gia, wakatoka. Barabara ilimpokea vizuri. Alikata kona, akampisha mwendesha baiskeli, akafika kwenye makutano ya kwanza, na mtahini akasema, "Simama hapo."

Akasimama. Akaondoa mguu kwenye mafuta.

Kimya.

Moyo wake ukaanguka mpaka kwenye pedali. Ndala imetoka, alijiambia. Imezima. Haraka akashika ufunguo, akawasha.

Kraaaa! Injini ilipiga kelele ya chuma kusaga chuma, na mtahini akaruka mpaka kalamu ikamtoka sikioni.

"Mama! Gari linawaka!"

"Linawaka?"

"Linawaka! Unaliwasha mara ya pili ili lifanye nini?"

Mama Miche aliweka kiganja juu ya mti wa gia. Kweli, ulikuwa ukitetemeka kidogo sana, kama paka aliyesinzia. Wiki zote za kujifunza, gari lililosimama lilikuwa likipiga mayowe. Hakuna aliyemfundisha gari zima linavyosikika. Alitaka kuomba msamaha, badala yake kicheko kikamponyoka, na kilipoanza hakikukubali kurudi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema akifuta macho. "Lilikuwa linaumwa. Limepona leo asubuhi, bado sijalizoea."

Mtahini alimtazama, akaokota kalamu. "Endelea, mama. Ila lililo macho tusiliamshe."

Baada ya hapo kila aliposimama aliweka kiganja kwenye mti wa gia, akauhisi uhai, akatulia. Kwenye kivuko alisubiri watu wote wapite, hata bibi mmoja aliyebadili mawazo katikati akarudi. Kwenye mlima, mahali wengi hutoka jasho, alivuta breki ya mkono, akasimama, lori likiwa nyuma yake linampigia honi. Hapo ndipo palipokuwa pa kufia. Aliachia klachi kidogo kidogo mpaka pua ya pikapu ikainuka kidogo, akashusha breki, na gari likapanda bila kurudi nyuma hata unyayo. Alirudi kinyumenyume kati ya mapipa, akalinyoosha, akazima mwenyewe, kwa hiari yake.

Mtahini aliandika. Aliandika muda mrefu. Nje, karibu na ukuta, Mama Miche aliwaona shemeji na wifi wamesimama bega kwa bega, mmoja mchafu mmoja wa kupendeza, wote wameshika midomo yao.

"Kioo cha kushoto unakisahau sana," mtahini alisema.

"Ndiyo, mwanangu." Upande huo alizoea kukaa yeye, hakuona sababu ya kuutazama. Lakini hilo hakulisema.

"Na ile ya kuwasha gari linalowaka, sijawahi kuona."

"Ndiyo."

"Lakini mlima ule umeupanda kuliko vijana wote wa leo. Umefaulu, mama. Hongera."

Mama Miche alishuka garini. Alikusudia kutembea kwa heshima ya mtu mzima, lakini miguu ilikwisha kupata habari, ikakimbia. Wifi alipoiona mbio ile alipiga vigelegele mpaka wanafunzi wengine waliokuwa wakisubiri wakaanza kupiga makofi bila kujua wanampigia nani. Sikio alimwinua shemeji yake juu, akakumbuka ni shemeji yake, akamtua.

Wifi alikuwa ameshatoa simu. "Haloo? Ndiyo, ni mimi. Ile habari ya pikapu, utafute nyingine, ndugu yangu. Hii ina dereva." Akasikiliza. "Hapana, siyo suala la bei. Nimekwambia ina dereva. Ninaye hapa, ananikanyaga gauni."

Kisha akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akapanda mwenyewe bila kuvutwa mkono, akaweka mkoba mapajani. "Unipeleke kwangu kwanza," alisema. "Na pale kona ya nyumbani upunguze mwendo. Nataka safari hii niwe ndani, nimpungie jirani."

Sikio alipanda nyuma. Mama Miche akakaa, akavuta mto, akatazama kioo cha kulia, kisha, kwa kusudi kabisa, cha kushoto. Akawasha, injini ikanong'ona vizuri. Watu wa uwanja mzima walikuwa wanatazama. Akaingiza gia ya kwanza, akapunga mkono kwa madaha kama rais, na kwa furaha akaachia klachi yote kwa mkupuo.

Pikapu iliruka kama mbuzi, ikazima palepale getini.

Kilemba cha wifi kilikuwa kimeshuka puani. Kutoka nyuma kwenye bodi ilisikika sauti ya fundi, amelala chali: "Safari hii msiniulize mimi!"

"Wala injini msiisingizie," Mama Miche alisema, machozi ya kicheko yakimtoka, akashika ufunguo. "Hiyo ni mimi. Tulieni, naanza tena."